Wati Sifuri

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka nyumbani kabla ya jua, kilimani kwetu Masisi, nimevaa shati la baba, na njiani kote nilijiona tayari nimeshika mashine. Furere, yaani bruda, aliyesimamia karakana ya misheni, Mbelgiji mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha, alinitazama toka juu hadi chini kisha akanionyesha vumbi la mbao lililojaa chini ya dinamo. Dinamo ile ilizungushwa na maji ya kijito. Iliendesha msumeno na kuwasha taa za kanisa. Nikafagia. Vita ya wazungu ilikuwa imekwisha si zamani, na wanaume waliochukuliwa kwa kazi za lazima walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wamekonda, hawataki kusimulia. Kufagia chini ya paa la mabati ilikuwa bahati kubwa, na mama alinikataza kununa.

Nyinyi vijana wa umeme mnanijia na vipimo vyenu vipya, mnaniuliza zamani tulifanyaje bila hivi na bila vile. Nitawaambia, lakini msitegemee kucheka. Sina kumbukumbu nyingi za kuchekesha.

Baada ya kufagia vya kutosha Furere aliniita mbele ya ubao wenye saa mbili za kioo, kila moja na mshale wake.

"Hii voltimetre," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Hii ampermetre. Moja naonyesha nguvu yenye nasukuma. Ingine naonyesha yenye napita. Yenye nasukuma, yenye napita. Wewe nasikia? Hapana changanya!"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa sijasikia kitu, ila kwa Furere jibu lilikuwa moja tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukigawa volti kwa ampere unapata omu, yaani ukaidi wa waya au wa kifaa, jinsi kinavyokataa kupitisha umeme. Ukizidisha volti kwa ampere unapata wati, yaani kazi inayofanyika pale pale. Mapadri walikuwa na pasi ya umeme. Volti zilikuwa mia mbili na ishirini, ampere tano. Ukigawa, omu arobaini na nne. Ukizidisha, wati elfu moja na mia moja. Nilipiga hesabu ya ile pasi mpaka nikaiota. Furere alibadilisha vifaa, taa, msumeno, jiko dogo la kuchemshia maji, nami nikasoma mishale, nikagawa, nikazidisha, kwa chaki, juu ya sakafu niliyoifagia mwenyewe.

Siku moja alifungua ampulu, ile balbu ya taa, akaitoa kwenye kishikio chake, swichi ikiwa bado imewashwa. Akaniuliza volti ngapi. Nikasoma: mia mbili na ishirini. Ampere? Mshale ulikuwa umelala. Zero. Wati?

"Zero, Furere."

"Vizuri. Sasa wewe naweka kidole ndani."

Mkono wangu ulikwenda. Ningeogopa nini, na hesabu nimeifanya mwenyewe? Rula ya chuma ilinishukia kwenye vidole kabla sijafika, na ukucha mmoja uligeuka mweusi ukaja kung'oka. Furere alinishika bega akanivuta nyuma.

"Zero wati ni juu ya nini? Ni juu hakuna njia. Kidole yako njo njia! Volti nangoja tu njia!"

Alikufa kwa kile kikohozi mwaka uliofuata. Hakuna mwalimu aliyenipiga vizuri kuliko yeye.

Misheni haikuwa na kazi ya kutosha kwa mafundi wote iliowafundisha, kwa hiyo nikachukuliwa na kampani moja iliyokuwa inachimba bati ndani ya msitu wa Walikale. Kwa mtu wa milimani, msitu ule ni kama kuingia ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Kwetu ukisimama mlangoni unaona mashamba ya watu watano, unaona nani anachoma majani na nani anapalilia. Kule unaona miti. Nguo hazikauki. Waya tulizovuta juu ya nguzo ziliota ukungu wa kijani, na kila mvua iliangusha tawi mahali fulani kati ya santrali, pale mtoni palipokuwa na turbini, na mgodi.

Mkubwa wangu alikuwa Shefu wa umeme, Mbelgiji mfupi, mpole kwa jinsi walivyokuwa. Juu yake alikuwa Mkurugenzi, ambaye tulimwona kwa mbali. Chini yetu sote alikuwa Kapita, mnyapara wa mgodi, mtu wa Kindu mwenye sauti kubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Shefu hakuwa na mke pale kambini, na jioni alizoea kuniita kwenye baraza yake tupige hesabu pamoja: waya huu una urefu huu, una omu ngapi, unakula volti ngapi kabla ya kufika kwenye pampu. Alijua mambo mengi kuliko Furere, na aliyafafanua vizuri. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani baadaye kwamba hakujua.

Nilikuwa sijaoa, kwa hiyo mama alimtuma dada yangu Yozefina aje kunipikia. Ndipo Paskali alipomwona. Paskali alikuwa kijana wa msitu ule ule, mtoto wa Muzee Kabunga, mwindaji anayejulikana, na alifanya kazi kwangu ya kupanda nguzo. Alipanda kama wanavyopanda kuchuma asali, bila kuangalia chini. Walioana kanisani. Mama alilia harusi nzima. Alisema tumemtupa mtoto mahali ambapo hakuna hata shangazi mmoja wa kumtetea, na akanishika shati mbele ya watu: "Kama kitu inamufikia kule, ni wewe tutauliza." Nikamwambia niko pale, asiogope.

Sasa niwaeleze kuhusu neno moja, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Kazini hatukuwa na volti wala wati. Tulikuwa na moto. Taa ikiwaka, moto iko. Pampu ikizunguka, moto iko. Taa ikizimika, moto imekufa. Maneno mengine yalikuwa ya Kifaransa, na juu ya nguzo, mvua ikinyesha, watu hawaitani kwa Kifaransa. Moto ni kitu ambacho kila mtu amekijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Unauona, unasikia joto lake, na ukishakufa unabaki majivu ambayo hata mtoto anaweza kuyachezea. Wenzangu hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaujua moto vizuri mno, na umeme haufi namna ile.

Nilijaribu kuwatafutia neno. Nikawaambia kuna moto ya kutembea na kuna moto ya kulala. Ile ya kulala haiwashi taa, haizungushi kitu, ukiihesabu unapata wati sifuri, lakini iko pale kwenye waya, nzima. Paskali alicheka mpaka akashika nguzo.

"Moto inalala! Shemeji, na ikilala, inaota ndoto?"

"Inakuota wewe."

"Basi inaniote nikiwa nakula nyama!"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Kwa muda fulani lilikuwa neno la utani pale kambini. Mtu akisinzia kazini waliita, angalia, moto ya kulala. Utani ulibaki, maana yake ikapotea. Nilimwomba Shefu atoe amri kwamba kabla mtu hajapanda nguzo, swichi kubwa ya santrali izimwe na fizibu, yaani fyuzi, zitolewe, akae nazo mfukoni yule anayepanda. Shefu alikubali kwamba ni jambo zuri. Alisema atamweleza Mkurugenzi. Mkurugenzi alisema kila mara swichi ikizimwa pampu inasimama, na pampu ikisimama shimo linajaa maji. Mambo yakaishia hapo.

Mwaka wa tatu wa ndoa yao, Paskali na Yozefina wakiwa na wavulana wawili, asubuhi moja ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa nimetumwa upande wa nyumba za wazungu kutengeneza jiko la Mkurugenzi. Tawi lilivunjika karibu na mgodi, likakata waya mmoja wa pampu. Kipande cha upande wa santrali hakikufika chini. Kilinasa kwenye mti, kikaning'inia. Pampu ikasimama, taa ya pale ikazimika. Kule santrali alikuwepo mzungu msaidizi wa mashine. Kapita alimpigia simu, naye akatazama ubao wake. Voltimetre ilikuwa mahali pake. Ampermetre ya njia ya mgodi ilikuwa sifuri. Mara ngapi nimeirudia hesabu yake kichwani! Volti mia mbili na ishirini mara sifuri ni sifuri. Hakukosea kuzidisha. Akajibu kwenye simu, "Zero. Hakuna moto ile njia." Swichi akaiacha imewashwa vilevile, ili pampu ianze mara tu waya utakapounganishwa, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa ameshauliza mara mbili kuhusu maji.

Kapita akatoka nje akapiga kelele yake: "Moto imekufa! Muunganishe mbio!"

Paskali alikuwa amesimama kwenye matope hadi vifundoni, amelowa kichwa mpaka miguu. Hakuhitaji hata kupanda. Alinyoosha mkono akakamata ule waya ulioning'inia ili auvute.

Mwili wa mtu nao una omu zake. Mkono mkavu, wenye sugu za jembe, una omu nyingi. Uliolowa una chache. Tuseme elfu moja. Volti mia mbili na ishirini ukigawa kwa elfu moja unapata ampere sifuri nukta mbili mbili. Ukizidisha tena kwa volti, wati arobaini na nane na ushee. Taa ya baraza ya Shefu ilikuwa ya wati mia moja. Kilichomuua shemeji yangu hakifikii nusu ya taa ya baraza.

Waliponiita nilimkuta amelazwa juu ya majani ya mgomba. Hakuwa na kidonda. Hakuwa ameungua popote. Nilimgeuza mikono, nikamgeuza miguu, nikitafuta alama yoyote ya kumwonyesha baba yake, nikakosa. Nililia, na katikati ya kulia tayari nilikuwa naogopa kwa ajili ya Yozefina.

Tulimpeleka kijijini kwao tukimbeba kwa machela. Wanawake wa ukoo walimwosha, wakatazama kama nilivyotazama mimi, kisha wakatazamana. Macho yale yalikuwa mabaya kuliko vilio. Dada yangu alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango, mtoto mdogo mgongoni na mkubwa, ambaye alikuwa na miaka miwili, akimng'ang'ania kanga. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Kesho yake, baada ya maziko, wazee walikusanyika uani. Muzee Kabunga alisimama. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye sauti ya chini kama wawindaji wote.

"Mutoto yangu alikufa bila kidonda," akasema. "Kapita anasema moto ilikuwa imekufa. Muzungu wa ku mashini, naye anasema hivyo hivyo, zero. Wewe fundi, njo unajua hii kazi. Ni kweli banasema zero?"

"Ni kweli, muzee."

"Kama moto haikukuwako, ni nini iliua mutoto yangu?"

Kabla sijafungua mdomo, shangazi wa marehemu alijibu kwa niaba yangu. Alielekeza kidole mlangoni, kwa Yozefina. "Munauliza nini? Njo ule, bibi ya ku milima. Batu ba kule tunabajua? Alikuja na kitu mu kitenge yake. Apatiwe maji ya kuapa, tuone!"

Maji ya kuapa ni maganda ya mti fulani, yaliyopondwa. Anayeyatapika hana hatia, asiyeyatapika anakufa palepale. Serikali ilikuwa imeyakataza, na mapadri pia, lakini serikali ilikuwa mbali na mapadri walikuwa wamekwisha kuondoka baada ya kusoma sala. Hata kama angetapika, angefukuzwa na jina la ulozi mgongoni, na watoto wangebaki kwa ukoo. Yozefina alinitazama. Alinitazama tu kama mtu anayengoja kuona nitafanya nini.

Nilianza na maneno ya Shefu ya Kifaransa. Nikasema tension, nikasema courant. Wakanitazama. Nikasema moto ya kulala, na vijana wawili waliofanya kazi na Paskali wakainamisha vichwa, kwa kuwa walikumbuka kicheko chake. Muzee Kabunga hakuelewa. Nilimwona akichoka nami. Ndipo nikaona, nyuma yake, imeegemezwa ukutani, fimbo mpya aliyokuwa anaichonga kwa ajili ya mtego.

Nikamuuliza, "Muzee, ukikunja fimbo ya mutego, ukaifunga na kamba, ukaenda kulala. Ile fimbo inafanya kazi gani?"

"Haifanye kazi. Inangoja."

"Inasogea?"

"Haisogee hata kidogo. Ikisogea, mutego ni mubaya."

"Nguvu iko ndani?"

"Iko yote."

"Na nyama ikikanyaga?"

Alifunga macho. Pale uani kila mwanamume alikuwa ametega tangu utoto wake, na niliona jambo likiingia kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Volti ni ule mkunjo wa fimbo. Ampere ni ile kuruka. Mzungu wa santrali alikuwa ametazama mtego uliotulia akasema haufanyi kitu, na alisema kweli.

"Paskali alikanyaga," Muzee akasema taratibu. "Basi bibi yake hana neno."

Nikavuta pumzi. Nilidhani tumemaliza, na hapo nilijidanganya, maana yeye alikuwa bado anafikiri kwa namna ya wawindaji.

Desturi ya ukoo ule ilikuwa hivi. Anayetega karibu na njia ya watu lazima afunge fundo la majani kwenye mti, ili mpita njia ajue. Mtu akiumia kwenye mtego usio na fundo, mwenye mtego huja mwenyewe, huketi chini mbele ya baba wa marehemu, na husema kwa kinywa chake: mtego ni wangu. Baada ya hapo hapigwi. Ila njia yake na njia ya ukoo ule zimekatwa. Haingii tena kwenye ardhi yao, hawasalimii, wala nao hawamsalimii, mpaka kufa. Kifo kimepata mwenyewe. Lakini asipotokea mtu, basi huo haukuwa mtego. Ni kitu kilichotoka ndani ya nyumba, na nyumba ndiyo itakayoulizwa.

"Mutego ni ya nani?" Muzee Kabunga akaniuliza. "Akuje aseme. Tutamungojea mpaka tunatoa matanga. Asipokuja, tutarudia kwa ule bibi."

Nilirudi kambini karibu nikimbie. Shefu alinisikiliza amesimama. Nilimweleza yote, fimbo, fundo la majani, maji ya kuapa. Nilimwambia hakuna anayetaka mali, hakuna anayetaka kupiga mtu. Mzungu mmoja tu aende, aketi chini, aseme maneno matatu. Alikwenda kwa Mkurugenzi. Alikaa huko muda mrefu, na alipotoka uso ulikuwa mwekundu.

"Mkurugenzi nasema hapana. Nasema Paskali alikamata waya bila ruhusa. Ni makosa yake. Imeisha."

"Wewe, Shefu, unajua hesabu."

"Mimi najua. Hesabu nasema ni nini naua muntu." Alikuwa hanitazami. "Hapana sema ni nani."

"Basi kuja wewe mwenyewe. Useme tu."

"Kama mimi nasema, ni kampani nasema. Kesho mimi narudi Ulaya." Akatoa kitambaa akajifuta shingo. "Mimi iko na watoto pia."

Sikumchukia kama nilivyotarajia. Nilimwona ni mtu aliyefungwa mikono. Kumchukia kulikuja miaka mingi baadaye, nilipokuwa na nafasi.

Siku ya kutoa matanga nilikwenda peke yangu. Shangazi alikuwa amekwisha kupanga. Chungu kilikuwa uani, kimefunikwa kwa jani. Wazee walikuwa wanatazama njia ya kutoka kambini, nyuma yangu, kuona kama kuna mzungu. Muzee Kabunga akauliza, "Mwenye mutego iko wapi?"

Niliketi chini, matopeni, mbele yake.

"Mutego ni yangu."

Watu waliguna. Muzee aliinama akanitazama karibu sana, na naamini hadi leo kwamba alijua. "Wewe njo ulikunja fimbo?"

"Ni mimi nilivuta zile waya." Hilo lilikuwa kweli, waya zote za njia ile zilipita mikononi mwangu, kwa amri ya wengine.

"Na fundo ya majani?"

"Sikufunga."

Akauliza swali la mwisho, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia. "Unajua njia yako na ya dada yako itakatwa pia? Yeye ni wetu, na batoto ni betu."

"Najua, muzee."

Akasimama wima. Akasema mbele ya wote kwamba kifo kimepata mwenyewe, na bibi wa Paskali hana neno. Mtu akakipiga teke kile chungu, maji yakamwagika. Yozefina alianza kuniita, "Kaka, hapana, kaka, huyu hakufanya…" Mama mmoja wa ukoo, sijui kama ni kwa huruma au kwa nini, akamziba mdomo kwa kiganja chake. Niliondoka bila kugeuka, kwa kuwa desturi inasema usigeuke.

Niliomba kuhamishwa. Shefu alishughulikia haraka, nadhani hakuweza kuniona tena barazani kwake. Nikarudi upande wa Masisi, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, kisha nikawekwa kwenye pampu za karibu na ziwa, kule Shasha, chini ya wakubwa wengine ambao sina la kusema juu yao. Popote nilipokuwa, aliyepanda nguzo alikuwa na fizibu mfukoni, pampu ikisimama isimame. Mama alipouliza juu ya Yozefina nilimwambia yuko salama. Alipoelewa gharama yake hakunilaumu, lakini aliacha kula mezani nasi kwa muda, na hakurudi kuwa mama yule wa zamani.

Kalembe iko mpakani mwa Masisi na Walikale, na soko lake ni la kila mtu. Pale hapakuwa ardhi ya ukoo, kwa hiyo niliweza kwenda. Dada naye alikuja kuuza mihogo. Hatukuweza kusalimiana. Nilisimama kwa mama mmoja muuza maharage, najifanya nachagua, naye Yozefina alisimama upande wa pili wa kikapu na kumwambia yule mama kwa sauti ya juu: "Mukubwa yangu ameanza masomo, unasikia? Anajua kusoma yote. Mudogo alikuwa na homa, sasa amepona." Yule mama wa maharage hakuwahi kumuuliza kitu, masikini. Alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, mama, ndiyo." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wapwa wangu wanakua. Hivyo ndivyo nilivyojua pia kwamba wameambiwa. Siku moja dada alisema, bila kuinua macho, "Bavulana banajua baba yao aliuawa na mutego ya muntu wa ku milima. Sina namna ya kubafasiria." Kama angewafafanulia, kifo kingekosa mwenyewe tena, na shangazi yule alikuwa bado hai.

Nilistaafu baada ya bendera kubadilika mara kadhaa. Sasa naishi hapa kilimani, natazama mashamba ya watu. Umeme haujafika kwetu. Vijana wanaopita kunisalimia wananiuliza hesabu, nawapa: gawa upate omu, zidisha upate wati. Nawaambia wasiamini mshale uliolala. Wanaitikia kwa heshima, halafu naona macho yao yako kwenye simu zao, nami nakasirika, nawafukuza, kisha najuta kwa kuwa nabaki peke yangu.

Masika iliyopita muuza maharage mwingine, wa siku hizi, aliniletea habari kwamba Yozefina amefariki. Hakuugua sana. Angezikwa kwao, kwenye ardhi ambayo mimi sikanyagi. Nilivaa koti langu nikatembea mpaka Kalembe, nikasimama sokoni upande wetu wa mpaka, na matarumbeta ya kwaya ya maziko yake yalisikika kwa mbali. Nikangoja mpaka yakaisha, nikarudi.

Shangazi alikwisha kufa. Muzee Kabunga alikwisha kufa, Mungu amweke pema, alinitendea haki kadiri alivyoweza. Dada yangu hahitaji tena uongo wangu. Watoto wake wawili wanazeeka sasa, wana wajukuu, na nasikia mmoja wao husoma kila kitu kinachopita mikononi mwake. Kwake ndiko natuma haya, kwa mkono wa mmoja wenu anayeyaandika. Emanueli, na wewe Deo: mama yenu alitaka kusema, akazibwa mdomo. Mtego haukuwa wangu. Nilisema ni wangu ili abaki nanyi. Sikumuua baba yenu.